Vifaa vya umeme vilivyokufa: namna ya kuzuia sumu yake isifike kwenye udongo na kisima

Simu iliyokufa inaweza kukaa kabatini miaka kumi isimdhuru mtu. Televisheni ya chogo iliyoegeshwa stoo nayo, maadamu kioo chake hakijapasuka, haitoi sumu. Risasi, zebaki na kadimiamu, metali zenye sumu, zimo ndani, ila zimefungwa kwenye glasi, plastiki na lehemu, na hazina pa kutokea mpaka mtu azifungulie. Watu huzifungulia kwa njia tatu: kuvunja, kuchoma na kumwaga. Mvua ya jalalani hufanya kazi hiyo hiyo polepole, hasa kwa betri, ambazo ganda lake huliwa na kutu na kuacha kilichomo kinyonywe na ardhi.

Kazi yote inayoelezwa hapa ina kanuni moja: kifaa kibaki kizima, kikae pakavu, na kitoke mikononi mwako kikiwa hivyo hivyo. Maelezo ni ya fundi wa redio na simu, mnunuzi wa skrepa, mtunza mfumo wa sola wa shule au zahanati, na mwenye nyumba ambaye kisima chake kimepakana na karakana.

Sumu inavyosafiri

Risasi ni nzito na haiendi mbali. Ikitua kwenye udongo wenye mfinyanzi au mboji hung'ang'ania chembechembe zake na kubaki kwenye sentimita chache za juu kwa miongo mingi. Watu wengi huogopa kisima kwanza, lakini kwa risasi hatari ya karibu zaidi ni vumbi: mikono ya mtoto anayecheza uani, miguu inayoingia ndani, kuku anayedonoa, nguo za kazi zinazofuliwa pamoja na za watoto. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegali, watu walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri za magari ili waokote risasi na kuiuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa hapo. Kilichowaua kilikuwa mchanga wa uani na vumbi la ndani ya nyumba.

Kadimiamu ina tabia nyingine. Huachia udongo kwa urahisi zaidi, hasa udongo wenye asidi, na mboga za majani huivuta kwenda juu. Mchicha ni hodari wa kuikusanya. Chumvi huizidishia mwendo, kwa kuwa kloridi iliyo ndani yake hushikana nayo na kuibakiza kwenye maji. Kwa hiyo bustani ya pwani inayomwagiliwa maji ya chumvichumvi, karibu na mahali palipochomwa vifaa, ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko zote.

Asidi hubadili hesabu nzima. Risasi iliyokuwa imetulia kwenye udongo huanza kuyeyuka na kushuka mara asidi ya betri inapoifikia. Na pale ambapo chini ni mawe ya matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja, Mombasa na pwani ya Dar es Salaam, maji hupita kwenye nyufa bila kuchujwa na chochote. Kinachomwagwa uani asubuhi kinaweza kufika kwenye maji ya kisima haraka kuliko mtu anavyodhani.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za risasi katika lita moja ya maji ya kunywa, na mikrogramu 3 za kadimiamu. Piga hesabu: gramu moja ya risasi, ikiyeyuka yote, inatosha kufikisha kwenye kikomo hicho lita 100,000, yaani matenki 20 ya lita 5,000. Betri moja ya sola ina risasi ya kilo nyingi.

Betri za asidi

Hapa ndipo pa kuanzia, maana hakuna kifaa kingine cha nyumbani chenye risasi nyingi namna hii. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 (kipimo cha chaji inayohifadhi) huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Kinachobaki ni boksi la plastiki na asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Baada ya miaka michache ya kazi, asidi hiyo huwa imebeba unga uliopukutika kutoka kwenye pleti, yaani vibamba vya risasi vilivyo ndani. Tope la kijivu au kahawia linalotuama chini ya betri ni risasi, si uchafu wa kawaida.

Kosa kubwa hufanyika kabla betri haijafika kwa mnunuzi. Wanunuzi wengi hulipa kwa kilo na hawataki kulipia uzito wa asidi, kwa hiyo muuzaji huitoboa au kuipindua pembeni ya mfereji. Asidi inaondoka, tope la risasi linaondoka nayo, na vyote viwili vinaelekea maji yanakoelekea. Uza betri ikiwa na asidi yake, hata kwa bei pungufu. Mnunuzi anayeng'ang'ania imwagwe kwanza hana pa kuiweka asidi, na asiye na pa kuweka asidi mara nyingi huyeyushia pleti uani kwake.

Wakati inasubiri kuondoka, betri isimame wima na vifuniko vyake vimekazwa. Iweke ndani ya beseni la plastiki nene lenye ujazo unaozidi asidi yote iliyomo. Beseni la bati litatoboka. Usitegemee sakafu ya saruji peke yake, kwa sababu asidi hula saruji na ufa wa kwanza huipeleka chini. Funika vichwa vya betri kwa vipande vya mpira ili visigusane na chuma. Iliyopasuka iwekwe kwenye beseni la peke yake, upande wenye ufa ukiwa juu ikiwezekana.

Asidi ikimwagika, vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga na viatu vya mpira kabla ya kugusa chochote. Izungushie mchanga mkavu isienee, kisha nyunyizia magadi kidogo kidogo kuanzia pembezoni. Itatoa povu na kurusha matone, ndiyo maana usimwage magadi yote kwa mkupuo. Lita moja ya asidi ya betri iliyojaa chaji, ile inayosoma 1.28 kwenye haidromita (kipima uzito wa asidi), huhitaji kama gramu 800 za bikaboneti ya kuandalia keki, au gramu 730 hivi za magadi safi. Magadi ya sokoni yana udongo na chumvi ndani yake, kwa hivyo kadiria kilo moja kwa lita. Asidi ya betri iliyokufa huwa imepungua nguvu na itatulia mapema. Povu likikoma ongeza kiganja kimoja, subiri, halafu gusisha karatasi ya kupimia pH, yaani ukali wa asidi: ikisoma kati ya 6 na 8 inatosha. Chokaa nayo hufanya kazi, ila hujifunika ganda gumu la jasi na kuacha asidi chini yake, kwa hiyo igeuzegeuze kwa kijiti.

Sasa lile ambalo mafundi wengi hulikosea. Wakiona povu limeisha, hukokolea mchanganyiko huo mferejini kwa ndoo ya maji, wakiamini umeshakuwa salama. Magadi yameua ukali wa asidi tu; risasi bado imo yote. Kusanya kila kitu kwa kizoleo cha plastiki, tia kwenye ndoo yenye mfuniko, andika juu yake "tope la betri, risasi", na uihifadhi pamoja na betri zenyewe mpaka zitakapoondoka.

Ikimwagikia udongo mtupu, usimwage maji kuiosha, maana unaisukuma chini. Nyunyizia magadi, kisha chimba sehemu yote iliyolowa na sentimita kadhaa kuizunguka, na utie udongo huo kwenye viroba vyenye plastiki ndani. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kabla ya mvua. Kwenye ngozi au jicho ndipo maji mengi yanapohitajika: suuza kwa maji yanayotiririka dakika 20 mfululizo, kisha hospitali. Usitie magadi jichoni.

Kuyeyusha betri nyumbani kusifanyike kabisa. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila taabu, na ndiyo sababu wapo wanaotengeneza chubwi za kuvulia samaki kwa sufuria nyuma ya nyumba. Risasi laini inaweza kuonekana imetulia sufuriani; unga wa kwenye pleti hautulii, unapaa na moshi na kutua kwenye mapaa, na kutoka kwenye paa mvua huupeleka kwenye pipa la kukingia maji. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kile kilikuwa kiwanda. Sufuria ya uani haina hata bomba la moshi.

Waya: chuna, usichome

Moshi mweusi wa waya unaonekana jalala lolote la mjini, na sababu yake ni haraka. Ganda la waya ni PVC, plastiki yenye klorini. Ikiungua katika moto wa chini huku shaba ikiwa ndani, shaba yenyewe huchochea kutokea kwa dioksini, sumu inayodumu miaka mingi kwenye udongo na kujikusanya kwenye mafuta ya wanyama. Kuku wanaojitafutia chakula kwenye majivu hayo huihamishia kwenye mayai. Ndivyo ilivyoonekana kwenye mayai yaliyopimwa Agbogbloshie, eneo la Accra, Ghana, palipokuwa pakichomwa taka za umeme. Ganda la waya za zamani, mara nyingi, limetiwa risasi pia ili lisiharibiwe na joto, na risasi hiyo haiungui. Inabaki kwenye majivu, nyepesi kiasi cha kupeperushwa na upepo.

Hata kwa pesa tupu, kuchoma ni hasara. Shaba iliyoungua hutoka nyeusi na hukatika ovyo, na mnunuzi huiweka daraja la chini kuliko shaba nyekundu iliyochunwa.

Tengeneza kichunio. Chukua kipande cha mbao ngumu cha sentimita 30, toboa tundu linalozidi unene wa waya kidogo tu, kisha funga wembe wa kisu cha kukatia kwa skrubu mbili, makali yakiingia ndani ya tundu. Rekebisha wembe mpaka upasue ganda na kuishia kwenye shaba. Ukizama mno unachonga shaba na kuvunja makali. Ukiwa juu mno ganda halifunguki na utavuta bure. Chuna ncha kwa mkono sentimita tano, ipitishe tunduni, ikamate kwa koleo na uvute moja kwa moja bila kukunja. Vaa glavu ya ngozi mkono wa kushoto. Waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 una gramu 22 hivi za shaba kwa kila mita, kwa hiyo mita 100 hukupa kilo mbili na zaidi, kazi ya chini ya saa moja ukishazoea.

Waya nyembamba za chaja na spika za masikioni hazilipi muda wake. Zifunge robota na uziuze na ganda lake. Wenye mashine za kusaga hutenganisha shaba na plastiki bila moto. Maganda yaliyochunwa nayo yasiwe kuni wala ya kuwashia jiko.

Televisheni za chogo na taa za zebaki

Shingo na mgongo wa kioo cha chogo ni glasi yenye risasi, na televisheni moja hubeba kilo moja hadi mbili za risasi hiyo. Ikiwa nzima ni salama. Ikipondwa, vumbi lake na maji ya mvua huitoa. Wanaoipiga nyundo shingoni wanataka koili ya shaba tu, na koili hiyo haihitaji nyundo: imeshikwa na kibanio chenye skrubu, na skrubu ikilegezwa inateleza na kutoka. Kazi hiyo aifanye fundi anayejua kuondoa umeme uliobaki kwenye kioo, kwani kioo huhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Kioo chenyewe kilazwe uso ukitazama chini, kwenye boksi, bila kupangiwa kitu juu.

Taa za enajisava na za mirija zina zebaki kidogo, miligramu 3 hadi 5 kwa taa ndogo, zaidi kwa mirija ya zamani. Televisheni na laptop bapa za kwanza, zile za kabla ya LED, zina vimirija vya namna hiyo nyuma ya kioo, vyembamba mno na rahisi kuvunjika. Taa ikivunjika toa watoto, fungua madirisha kwa robo saa, kusanya vipande kwa kadi ngumu, na unga unaobaki uuvute kwa gundi ya tepu kisha kwa kitambaa chenye unyevu. Ufagio haufai, maana hutawanya. Tia vyote kwenye chupa ya glasi yenye mfuniko wa kukaza.

Betri za simu, laptop na mawe ya redio

Betri ya lithiamu ni hatari ya moto kwanza, ya udongo baadaye; lakini moto wake jalalani ndio unaochoma kila kitu kingine kilichopo. Chumvi iliyo ndani yake ina florini, na ikikutana na unyevu hutoa hewa kali inayounguza mapafu. Baada ya hapo kobalti na nikeli hubaki ardhini.

Isiyovimba imaliziwe chaji kwa rezista ya ohmu 10 na wati 5, iliyounganishwa kwenye vichwa vyake. Betri ya mAh 2,000 huchukua saa tano hadi sita. Ikishuka kwenye volti 3 hivi iondoe, funika vichwa kwa tepu, na uiweke kwenye mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu. Iliyovimba usiimalizie chaji wala usiitoboe "kutoa gesi", kama baadhi ya mafundi wanavyofanya. Izike kwenye mchanga wa mkebe ilivyo, mfuniko uegeshwe tu bila kukazwa, na mkebe ukae nje ya jengo lakini chini ya paa.

Kuna mbinu inayosambaa ya kuzamisha betri hizi kwenye maji ya chumvi. Chaji huisha, ni kweli, lakini chumvi hula vichwa na kufungua ganda, na baada ya siku mbili una ndoo ya maji yenye metali na florini ambayo lazima imwagwe mahali. Mara nyingi humwagwa nyuma ya duka.

Betri zilizoandikwa Ni-Cd, zinazopatikana kwenye simu za mezani zisizo na waya na taa za dharura, zina kadimiamu yenyewe. Zitenge na zote, hata kama ni tatu tu. Mawe ya redio na tochi ni mepesi zaidi kwa sumu, lakini huwa mengi, na desturi ya kuyatupa chooni huyaweka karibu kabisa na maji ya ardhini. Dumu kavu la lita 5 lililokatwa mdomo linatosha nyumba nzima kwa miezi. Unga mweusi wa ndani usipakwe ubaoni wala watoto wasiuchezee.

Bodi na dhahabu

Video za kutoa dhahabu kwenye simu kwa asidi ya naitriki zimewaingiza vijana wengi hasarani. Simu moja ina gramu 0.03 hivi za dhahabu, kwa hiyo gramu moja hutaka simu 30 na zaidi, na hiyo ni kama hukupoteza chochote njiani. Kinachobaki ni ndoo za asidi yenye shaba, risasi na nikeli zilizoyeyushwa tayari, yaani katika hali mbaya kuliko zote kwa maji. Guiyu, mji wa kuvunjavunja taka za umeme kusini mwa China, mito na mashamba yaliharibiwa kwa mabafu ya asidi na uchomaji wa namna hiyo kwa miaka mingi. Mwenye tanuru kubwa huipata dhahabu hiyo hiyo pamoja na fedha, shaba na paladi. Kusanya bodi, yaani vibao vilivyopachikwa vipuri vya umeme, zikiwa nzima na kavu, zitenganishe kwa aina (za simu, za kompyuta, za televisheni), na uziuze kwa kilo. Kung'oa vipuri vya kutumia tena ni sawa. Kupasha bodi juu ya mkaa ili lehemu idondoke si sawa, kwani lehemu ya zamani ina risasi kiasi cha asilimia 40.

Mahali pa kuhifadhi

Paa lisilovuja linazuia uchafuzi mwingi kuliko kifaa chochote cha gharama. Chini ya paa weka sakafu ya saruji isiyo na nyufa, na mlangoni jenga kizingiti cha sentimita 10 ili kitakachomwagika kisitoke na maji ya mvua yasiingie. Vyombo vya majimaji vikae ndani ya trei inayoweza kubeba ujazo wa chombo kikubwa kuliko vyote na nyongeza ya sehemu moja ya kumi. Chagua upande wa chini wa mteremko ukilinganisha na kisima, angalau mita 30, ingawa penye matumbawe umbali hausaidii sana na sakafu ndiyo kinga.

Usifagie pakavu. Nyunyizia maji kwanza au futa kwa tambara lenye unyevu, na maji ya kusuuzia tambara yakusanywe kwenye ndoo, yasimwagwe bustanini. Chakula kisiingie humo. Nguo za kazi zibaki hapo hapo.

Kukabidhi

Tanzania, orodha ya wenye vibali vya kukusanya taka za umeme hupatikana NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kenya na Uganda, kila moja ina mamlaka yake ya mazingira iitwayo NEMA. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo cha kupokea taka za umeme, na Rwanda ina kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Mtu akija na gari kununua, omba kuona kibali na tarehe yake ya kwisha. Kisha muulize swali moja: glasi ya televisheni za chogo anaipeleka wapi? Shaba na bodi kila mtu ana jibu lake kwa sababu zina bei. Glasi haina bei, na asiye na jibu anaitupa. Dai karatasi yenye uzito wa kila aina iliyochukuliwa. Wanaokusanya ili kuuza nje wajue kuwa tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatarishi, unataka idhini ya nchi inayopokea kabla ya kusafirisha taka yoyote ya umeme, hata ile isiyohesabiwa kuwa hatarishi.

Kama udongo umeshachafuka

Usianze kwa kuchimba. Kuchimba pakavu huinua vumbi lililokuwa limelala. Anza kwa kupima.

Gawanya eneo: lilipochomwa, wanapocheza watoto, penye mboga. Kwa kila eneo chukua vijiko 10 hadi 15 vya udongo kutoka sehemu tofauti. Wanapocheza watoto chota sentimita 0 hadi 5 za juu. Bustanini chota mpaka sentimita 20. Tumia kijiko cha plastiki au chuma kisichoshika kutu, kamwe si koleo la bati, kwani zinki na kadimiamu ya bati huharibu kipimo. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa mawe na mizizi, kausha kivulini, na ubakize nusu kilo kwenye mfuko ulioandikwa mahali, kina na tarehe. Ongeza sampuli moja kutoka mbali na karakana, ili uwe na cha kulinganishia. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au ya chuo kikuu chenye vifaa hivyo iombwe kupima risasi na kadimiamu kwa miligramu kwa kilo ya udongo mkavu. Kwa kulinganisha, shirika la mazingira la Marekani lilitumia miligramu 400 za risasi kama kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi, likakishusha hadi 200 mwaka 2024.

Risasi ikizidi hapo, funika udongo huo. Lowesha, tandaza kitambaa cha viroba vilivyofumwa kama alama, kisha mwaga udongo safi wa sentimita 20 na upande ukoka mzito. Penye kupitwa sana weka zege. Kitambaa ni cha kumwonya atakayechimba miaka ijayo. Sehemu ndogo iliyochafuka vibaya, kama shimo la majivu, ndiyo ya kuchimbwa, ikiwa imelowa, na kutiwa kwenye viroba vyenye plastiki.

Mboga zihamie kwenye vitanda vilivyoinuliwa sentimita 30 kwa udongo wa kuletwa. Nyanya, bamia na mahindi huingiza metali kidogo kuliko mchicha, figiri au mihogo. Kwenye udongo mwekundu wa bara wenye asidi, chokaa ya kilimo hadi pH ifike 6.5 hupunguza kadimiamu inayopanda. Kwenye udongo wa matumbawe pH iko juu tayari na chokaa haiongezi kitu. Mboji nyingi na mbolea yenye fosfeti hushikilia risasi. Kuku wafungiwe. Watoto wa chini ya miaka sita wapimwe risasi kwenye damu, maana kwao hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama na dalili huja kwa kuchelewa.

Maji ya kisima

Kuchemsha hakuondoi risasi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki, na kila lita iliyobaki inakuwa na nyingi zaidi. Dawa ya klorini huua vijidudu tu, na kitambaa hakichuji kilichoyeyuka. Kichujio kinachosukuma maji yapenye utando mwembamba kwa shinikizo huondoa metali, ila ni ghali, na maji yanayotupwa nacho yamebeba yale yale.

Chukua sampuli mbili kwa chupa za plastiki za nusu lita zilizotolewa na maabara, ambazo huwa zimetiwa asidi kidogo ili metali isigande ukutani. Ya kwanza kinga alfajiri, kabla bomba halijafunguliwa. Ya pili kinga baada ya maji kutiririka dakika tano. Risasi ikiwa juu kwenye ya kwanza tu, shuku viungio na bomba lenyewe. Ikiwa juu kwenye zote mbili, inatoka kisimani. Majibu yakivuka miligramu 0.01 kwa lita, maji hayo yasinywewe wala kupikiwa, na maziwa ya kopo ya mtoto ndiyo ya kwanza kubadilishiwa maji. Kufulia na kuogea kunaweza kuendelea, kwa kuwa risasi ya kwenye maji haipenyi ngozi kwa kiasi cha kutisha. Rudia kipimo wiki mbili tatu baada ya mvua kubwa kuanza. Kisima kilichosoma vizuri kiangazi kinaweza kupokea ya uani masika.